Ni mguu au ni gari? Utatuzi wa matatizo kwa anayejifunza kuendesha Toyota 86 uwanjani

Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ, kizazi kilichoanza 2012, ni magari mazuri ya kujifunzia uendeshaji wa kasi kwa gia za mkono. Injini ni lita 2 isiyo na turbo, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, uzito ni kama kilo 1,240, na takribani asilimia 53 ya uzito huo iko mbele. Gari halifichi kosa la dereva, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapochanganyikiwa: kitu kinagonga, kinasaga au kinateleza, na wazo la kwanza ni kwamba klachi imekufa au shokapu zimekwisha. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi zaidi ni miguu iliyofanya jambo sahihi kwa mpangilio usio sahihi. Kwa hiyo kila dalili hapa chini ina jaribio la kutenganisha kosa la dereva na ugonjwa wa gari, na jaribio hilo lifanywe kabla ya kununua kipuri. Mazoezi yote ya kasi ni ya uwanja uliofungwa, si ya barabara kuu usiku.

Namba za kuweka kichwani

Uwiano wa gia sita ni 3.626, 2.188, 1.541, 1.213, 1.000 na 0.767. Zigawanye na utajua resi zinapanda kiasi gani unaposhusha gia: kutoka ya nne kwenda ya tatu zidisha RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) kwa 1.27, kutoka ya tatu kwenda ya pili, kwa 1.42, kutoka ya tano kwenda ya nne, kwa 1.21. Mstari mwekundu uko 7,400. Ina maana kushusha kutoka ya tatu kwenda ya pili juu ya RPM 5,200 ni kuipeleka injini ukutani.

Kwa difu (gia za mwisho zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma) yenye uwiano wa 4.1 na tairi za kiwandani za 215/45 R17, gia ya pili inaisha karibu na 97 km/h, ya tatu karibu na 138, ya nne karibu na 175. Baadhi ya magari ya kuanzia 2017 yana difu ya 4.3, na kwa hayo mwendo unapungua kidogo katika kila gia. Hesabu za kushusha gia hazibadiliki.

Nikishusha gia, gari linashtuka na mkia unatikisika

Hili ndilo lalamiko la kwanza la karibu kila mwanafunzi, na karibu kila mara gari ni zima.

Chukua mfano. Uko gia ya tatu, RPM 4,500, unataka ya pili. Injini inatakiwa ifike karibu 6,400 kabla klachi haijafunga. Wewe umepiga resi hadi 5,000 tu. Zile RPM 1,400 zilizobaki lazima zitoke mahali, na zinatoka kwenye tairi za nyuma: kwa muda mfupi ndizo zinazoivuta injini ipande, na kwa tairi hiyo ni kazi ile ile ya hendibreki. Ukiwa kwenye breki, uzito umeshahamia mbele na nyuma ni pepesi, hivyo tairi zinalia au zinaachia kabisa. Kwenye lami iliyoloa, hapo ndipo gari linapogeuka na kutazama lilikotoka.

Sikiliza mshtuko unakwenda upande gani. Gari likirudi nyuma kana kwamba limeshikwa, resi zilikuwa ndogo. Likisukumwa mbele, zilizidi. Likishikwa ingawa una hakika ulipiga resi za kutosha, tatizo ni muda: ulipiga mapema, mguu wa kushoto ukachelewa, resi zikaporomoka kabla klachi haijafunga.

Mpangilio sahihi ni huu. Breki kwanza, kwa nguvu, gari likiwa limenyooka. Klachi chini. Kijiti kinapopita katikati, kabla hakijaingia gia mpya, piga resi mara moja kwa ukali. Gia iingie, klachi iachiwe palepale, haraka lakini bila kuitupa. Nguvu ya breki haibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho wa zoezi hilo. Gia ishushwe mwishoni mwa breki, si mwanzoni. Anayeshusha mapema analazimika kuziba pengo la resi kubwa bila sababu yoyote, kwani kazi ya kupunguza mwendo ni ya breki, na pedi ni rahisi kuliko klachi.

Jifunze kwanza bila breki. Kwa 60 km/h, gia ya nne inasoma karibu RPM 2,500, ya tatu 3,200, ya pili 4,600. Shika mwendo huo mahali patupu, nenda nne–tatu–nne mara nyingi hadi abiria asijue gia imebadilishwa. Kisha tatu–mbili. Breki iongezwe baada ya hapo tu. Anayeruka hatua hii hutumia mwezi mzima kupambana na mambo mawili kwa wakati mmoja.

Nikipiga resi nikiwa kwenye breki, breki inaongezeka au inaachia

Mguu wa kulia unafanya kazi mbili. Sehemu pana ya mbele ya wayo inakaa upande wa kulia wa pedeli ya breki, na ukingo wa nje wa mguu unabingirika kugusa mafuta. Watu husema kisigino, lakini katika gari hili pedeli ziko karibu, na wengi hawahitaji kukigeuza kisigino hata kidogo.

Breki ikiongezeka, unasukuma kwa goti badala ya kubingirisha kifundo. Breki ikiachia, mguu unahama wote kwenda kulia. Ukishindwa kuyafikia mafuta kabisa, kuna uwezekano mkubwa unashika breki kidogo mno: pedeli ya breki kwa kawaida iko juu kuliko ya mafuta, na inafika usawa wake pale tu unapobana kwa nguvu. Ndiyo maana mbinu hii inaonekana haiwezekani mjini na inakuwa rahisi uwanjani.

Angalia pia kiti. Klachi ikiwa imekanyagwa hadi mwisho, goti la kushoto libaki limepinda kidogo. Mabega yakiwa yameegemea kiti, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani. Aliyekaa mbali hutumia vidole vya mguu, na vidole havina nguvu wala kipimo. Viatu viwe na soli nyembamba na isiyopanuka pembeni; raba za kukimbilia zenye soli nene zinaua hisia zote.

Sasa jaribio la gari. Simama, injini ikiwa inawaka, bana breki kwa nguvu ya kusimama ghafla na uishikilie kwa sekunde 20. Pedeli ikizama polepole, masta silinda (pampu inayosukumwa na pedeli) inavuja ndani. Ikiwa laini kama sifongo, kuna hewa kwenye mfumo. Katika hali zote mbili usifanye zoezi lolote hadi itengenezwe. Tazama pia zulia la miguuni: zulia lisilo la gari hili, lililojikunja chini ya pedeli, limewahi kufanya klachi nzima idhaniwe mbovu.

Gia inasaga, au haiingii

Fanya jaribio la injini iliyozimwa kwanza. Zima, kanyaga klachi, pitisha gia zote sita. Zikiingia bila shida, kisha zikagoma injini ikiwaka, klachi haiachii kikamilifu. Zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, tatizo liko kwenye kijiti, vishikizo vyake au ndani ya giaboksi.

Kuthibitisha klachi isiyoachia: injini ikiwa katika resi za kusimama, kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu sekunde 5, ingiza rivasi. Ikisaga, kuna kitu bado kinazungusha shafti. Mara nyingi ni hewa au maji kwenye mafuta ya klachi (ni mafuta ya breki hayo hayo), au sleva silinda (silinda ndogo inayosukuma klachi upande wa giaboksi) inavuja. Mafuta yakitoka meusi, yatoe na kutia mapya kabla ya kumruhusu mtu yeyote kushusha giaboksi.

Gia ya pili inayokataa dakika 10 za kwanza za asubuhi kisha inakubali si ugonjwa. Giaboksi ya gari hili ni ngumu ikiwa baridi. Inapata joto kwa kutembea, si kwa kuunguruma imesimama, kwa hiyo raundi ya kwanza iwe ya polepole. Oili yake ni 75W-90. Fuata daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Duka likikupa GL-5 (daraja mojawapo la oili ya gia) kwa maelezo kwamba "ni kali zaidi", kumbuka kwamba baadhi ya viungo vya GL-5 hushambulia pete za shaba za sinkronaiza, yaani sehemu inayolinganisha kasi ya gia kabla hazijaingiana.

Gia inayosaga kwenye resi za juu tu, giaboksi ikiwa imepata joto, inahitaji kuchunguzwa zaidi. Ikisaga wewe ukiendesha lakini isisage mwalimu akiendesha, ni mguu wa kushoto: kijiti kinatangulia, klachi inafuata. Ikisaga kwa wote wawili, na daima gia ile ile, sinkronaiza imelika.

Kosa baya kuliko yote linatokea hapa, nalo halina marekebisho. Uko ya tatu, RPM 7,000, unataka ya nne, mkono unavuta kijiti nyuma huku ukikipeleka kushoto, na kinaingia ya pili. Injini inazungushwa kwa nguvu hadi karibu 9,900. Kidhibiti cha resi hakisaidii chochote, kwa sababu kazi yake ni kukata mafuta, na hapa si mafuta yanayoizungusha, ni magurudumu. Valvu zinaweza kukutana na pistoni. Kinga ni namna ya kushika: usikikamate kijiti kwa ngumi. Kijiti kina springi zinazokirudisha kwenye mstari wa tatu na nne kikiachwa huru. Kutoka ya tatu kwenda ya nne, kivute nyuma kwa vidole vilivyokunjuliwa bila kukipeleka pembeni, springi zifanye kazi yao. Wanaong'ang'ania kijiti ndio wanaonunua injini.

Resi zinapanda, mwendo haupandi

Kwenye mlima mrefu weka gia ya tano, RPM 2,000, kanyaga mafuta hadi mwisho. Resi zikiruka bila mwendo kubadilika, klachi inateleza. Kama haitelezi hapo ila inanuka tu baada ya mazoezi ya kuondoka, uliichoma mwenyewe. Iache ipoe nusu saa na urudie jaribio.

Mlio mwembamba unaosikika mguu ukiwa nje ya klachi na kupotea ukiigusa ni beringi ya klachi, tatizo linalofahamika katika magari haya. Si dharura, lakini usisubiri hadi ivunjike.

Tofautisha pia na tairi kuzunguka bure. Magari yenye difu isiyo na kizuizi cha kuteleza hupoteza nguvu kupitia tairi ya ndani ya kona, resi zinapanda vile vile. Yenye difu ya Torsen, aina yenye kizuizi hicho, huvumilia zaidi. Tairi inalia, klachi inanuka.

Breki: pedeli ina lugha nne

Usiseme "breki zimeisha". Sema pedeli inafanya nini.

Inakwenda chini sana na ni laini baada ya raundi kadhaa za kasi: mafuta ya breki yamechemka, mvuke umeingia kwenye mfumo, na mvuke unabanika. DOT ni daraja la mafuta ya breki: DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, lakini ikishanyonya unyevu kiwango chake kinashuka hadi karibu 140. DOT 4 ni 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Kwa siku ya uwanja tia DOT 4 bora au 5.1, na ubadilishe kila mwaka hata kama gari halikutembea. DOT 5 ni jamii nyingine kabisa, ya silikoni. Isichanganywe na hizo wala isitiwe kwenye gari hili lenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapobana breki).

Ni ngumu, iko juu, ila gari halipungui: pedi zimepita joto lake. Pedi za mjini hazikutengenezwa kwa kusimama kutoka 150 km/h mara kumi mfululizo. Pedi za uwanjani nazo zina tabia yake: zikiwa baridi hushika vibaya na hupiga kelele. Hakuna pedi moja inayofaa yote, na anayekuuzia hiyo anakuuzia maneno.

Inatetemeka: karibu kila mara diski haijapinda. Ni mabaki ya pedi yaliyogandia sehemu moja ya diski, aghalabu kwa sababu dereva aliingia maegeshoni breki zikiwa moto na akaendelea kubana pedeli. Raundi ya mwisho iwe ya kupooza, breki ziguswe kidogo tu. Ukisimama, weka gia badala ya hendibreki.

Inapigapiga chini ya mguu kwa mlio wa haraka: hiyo ni ABS, inafanya kazi yake. Ikiamka kila kona, unagonga breki badala ya kuibana. Jenga nguvu ndani ya sehemu ndogo ya sekunde ili uzito uhamie kwenye tairi za mbele, ndipo ubane hadi kileleni, kisha uachie taratibu kadiri usukani unavyogeuka.

Pua inakimbilia nje ya kona

Usukani unakuwa mwepesi, tairi za mbele zinalia, na gari linaendelea kunyooka. Silika inasema ongeza usukani. Ukiongeza, unaidai zaidi tairi ambayo tayari imeishiwa mshiko.

Tafuta lini linatokea. Mwanzoni mwa kona: uliingia na mwendo mkubwa, au uliachia breki yote kwa mkupuo na pua ikanyanyuka kabla hujageuza. Katikati: umegeuza mapema mno, na sasa kona inakubana. Wakati wa kutoka: umekanyaga mafuta huku usukani bado umekata sana. Dawa ya zote ni kupunguza kwanza, hata usukani wenyewe, hadi mshiko urudi.

Ukishaondoa makosa hayo na pua bado inagoma kila kona, pima tairi. Upepo upimwe tairi zikiwa baridi, kwa namba ya kibandiko cha mlangoni. Baada ya raundi chache psi 4 hadi 6 zitaongezeka. Chora mstari wa chaki kutoka kwenye kashata hadi ubavuni mwa tairi kabla ya kutoka. Chaki ikifutika mbali ubavuni, tairi inalala, upepo ni mdogo. Isipofutika hata pembeni mwa kashata, upepo umezidi. Ujue pia kwamba tairi za kiwandani za magari mengi haya zilikuwa Michelin Primacy, za kawaida tu zilizochaguliwa ili gari liteleze kwa mwendo mdogo. Kwa kujifunza, hiyo ni baraka. Usikimbilie tairi laini za mbio.

Mkia unatoka

Kuna njia mbili, na tiba zake zinapingana. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, uzito unarukia mbele na nyuma inapoteza mshiko. Hapo rudisha mafuta kidogo, kiasi cha kushikilia mwendo. Ukikanyaga mafuta mengi mapema kwenye gia ya pili, tairi za nyuma zinazunguka. Hapo punguza mafuta, lakini usiyatupe, maana ukiyatupa unahama kutoka tatizo la pili kwenda la kwanza.

Katika hali zote geuza usukani kuelekea unakotaka kwenda, macho yakiwa huko, na uwe tayari kuurudisha mara tu mkia unapoanza kurudi. Wengi hudaka mteleko wa kwanza, wakachelewa kurudisha usukani, wakatupwa na wa pili. Ukiona umeshindwa: klachi na breki zote chini, shikilia hadi gari lisimame.

Tuliokua tukitazama Safari Rally tuna tabia ya kulitupa gari kabla ya kona. Kwenye vumbi ina mantiki yake. Kwenye lami ni muda unaopotea na tairi zinazoliwa.

Nguvu zikikatika zenyewe katikati ya kona na taa ya gari linaloteleza ikapepesa, hakuna kilichoharibika, ni VSC, mfumo wa gari wa kudhibiti kuteleza. Iache ikiwaka. Ibadilishe kuwa VSC Sport, inayoruhusu kuteleza zaidi, pale raundi tano mfululizo zitakapopita bila taa kupepesa, na usiizime kabisa kwa sababu tu mwenzako ameizima.

Gari halivuti linapotoka kona

Injini hii ina bonde la nguvu kati ya RPM 3,500 na 4,500 hivi, na linajulikana vizuri. Ukitoka kona kwa gia ya tatu kwenye RPM 3,600, uko ndani ya shimo. Ongeza mafuta utakavyo, halitaruka. Chagua gia itakayokuacha juu ya 4,500 pale unapoanza kunyoosha usukani. Kwa kona ya 65 km/h hiyo ni ya pili, yenye karibu RPM 5,000.

Halafu kuna mwinuko. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda kutoka usawa wa bahari. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, zaidi ya sehemu moja ya sita ya nguvu imeondoka. Gari lililokuwa jepesi Mombasa au Dar es Salaam litaonekana limechoka huko, na fundi atakayelifungua kutafuta ugonjwa hatakosa cha kukutoza. Kabla ya kumpelekea, kagua chujio la hewa, fanya jaribio la klachi la gia ya tano, na usome misimbo ya kompyuta ya gari. Vyote vikiwa safi, rudi uwanjani ushushe gia moja zaidi.